Fundi Aliponipima Mikono Yote Miwili

Fundi aliyenishonea koti la harusi ya mdogo wangu ana kibanda chake karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma, na ana desturi ambayo sikuwahi kuikuta kwa fundi mwingine: humpima mteja mikono yote miwili, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, na kila kipimo hukiandika peke yake katika daftari. Mafundi walionishonea kabla yake walipima mkono mmoja tu, wakaikata mikono yote ya nguo kwa kipimo hicho kimoja, nami nikazoea kuona mkono wa kushoto wa shati ukinifunika hadi kwenye kiganja ilhali wa kulia unaishia kwenye kifundo. Nilidhani ni kasoro ya ushonaji. Jioni ile fundi alipomaliza kupima alikunja futikamba yake, akatazama daftari, akasema kwa utulivu, "Mwalimu, mkono wako wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa sentimita moja na nusu."

Nilimwuliza kama ana hakika. Alipima tena, akapata vile vile, kisha akaniambia kwamba watu wengi anaowapima wako hivyo, na kwamba mzee aliyemfundisha kazi alimkataza tangu mwanzo kukata mkono wa pili kwa kuufuatisha wa kwanza. Kwake lilikuwa jambo la kila siku. Kwangu halikuwa hivyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nafundisha biolojia katika shule ya sekondari, na kwa miaka mingi nimekuwa nikichora ubaoni umbo la binadamu, nikapitisha mstari katikati kuanzia utosini hadi katikati ya nyayo, na kuwaambia wanafunzi kwamba nusu ya kulia na nusu ya kushoto zinalingana. Sababu ya pili ni ya zamani zaidi. Nilipokuwa mtoto kijijini, upande wa Chamwino, tulikuwa na jirani ambaye mkono wake mmoja ulikuwa mfupi na mwembamba kutokana na polio aliyoipata utotoni, na kwetu sisi watoto mikono isiyolingana ilikuwa na maana moja tu, nayo ni maradhi. Kwa hiyo mimi, mtu mzima wa miaka 41, nisiye na maumivu yoyote wala historia ya kuvunjika mfupa, nilirudi nyumbani na hofu moyoni.

Naandika haya kwa ajili ya mwingine aliyepata kuambiwa maneno kama hayo na fundi wake, au aliyejitazama kwenye kioo akaona mkono mmoja umeshuka kuliko mwenzake, akakosa wa kumweleza. Tofauti ndogo ya urefu kati ya mkono wa kulia na wa kushoto ni hali ya kawaida ya mtu mzima mwenye afya. Mikono inayolingana kabisa, milimita kwa milimita, ndiyo iliyo adimu.

Lakini sikulijua hilo usiku ule. Nilimwomba mke wangu anipime, akanipima mara tatu, tukapata majibu matatu: mara ya kwanza mkono wa kulia ulizidi kwa sentimita mbili, mara ya pili kwa nusu sentimita, na mara ya tatu wa kushoto ndio uliozidi. Tulilala bila kuelewana na futikamba. Jumapili iliyofuata alitutembelea binamu yangu, ambaye ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali moja hapa mjini, na baada ya kutusikiliza alisema kwamba kabla ya kuuliza kwa nini mikono yangu inatofautiana, tungeanza kwa kuuliza tumepima nini.

Alitueleza kwamba ncha ya kidole ni mahali pabaya pa kumalizia kipimo, kwa kuwa vidole hujikunja kidogo bila mtu kujua na kucha hazilingani. Na kwamba bega kwa ujumla ni mahali pabaya pa kuanzia, kwa kuwa lina nyama na huinuka mara tu mtu anapohisi anapimwa. Kipimo cha mkono huanzia na kuishia kwenye mfupa. Alinisimamisha wima, mabega yamelegea, mikono inaning'inia, viwiko vimenyooka na viganja vimeelekea mapajani. Akapapasa juu ya bega langu hadi akaipata ncha ya mfupa inayotokeza pembeni kabisa, akaitia alama kwa kalamu. Kisha akapapasa kifundo cha mkono upande wa kidole gumba hadi akakipata kinundu cha mfupa, akakitia alama nacho. Alifanya hivyo kwa mikono yote miwili, akapima mara tatu kila upande kwa kupokezana, huku mke wangu akiandika namba bila kuzitaja kwa sauti ili zisije zikamvuta mpimaji kuelekea jibu analolitarajia. Wastani wa mkono wa kulia ulikuwa sentimita 56.9, na wa kushoto sentimita 56.2. Milimita saba.

Ile sehemu nyingine ya sentimita moja na nusu ya fundi ilikuwa wapi? Ilikuwa begani. Fundi wangu huanzia kwenye shina la shingo, hupitisha futikamba juu ya bega na kuishusha hadi kwenye kifundo, na kwa kazi yake hilo ni sahihi kabisa, maana koti halivaliwi na mfupa bali huvaliwa na bega pamoja na mkono. Kwa watu wengi, bega la upande wa mkono utumikao zaidi hukaa chini kidogo kuliko la pili. Bega likishuka, mkono mzima hushuka nalo, na anayejitazama kwenye kioo huona mkono mrefu hata kama mifupa ya pande zote mbili ni sawa. Uti wa mgongo uliopinda kidogo huweza kuleta sura hiyo hiyo, na vivyo hivyo mtulinga, yaani mfupa utokao chini ya shingo hadi begani, uliowahi kuvunjika ukaunga kwa kufupika. Hizi ni habari mbili tofauti zinazoonekana kuwa moja: urefu wa mkono wenyewe, na mahali mkono unapoanzia. Nadhani wasiwasi mwingi wa watu kuhusu mikono yao ungepungua iwapo wangezitenganisha habari hizo mbili tangu mwanzo.

Niruhusiwe kutaja jambo lililonijia akilini wakati kalamu ya binamu yangu ikinitekenya begani. Wahenga wetu walipima dunia kwa mikono yao. Tulikuwa na shibiri, yaani upana wa kiganja kilichotandazwa kuanzia kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Tulikuwa na dhiraa, au mkono, kuanzia kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Na pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa kulia na kushoto, ambao huhesabiwa kuwa sawa na mikono minne. Hata dhiraa yenyewe ilitofautishwa, kwa kuwa ile iliyopimwa hadi kwenye ngumi iliyofumbwa iliitwa dhiraa konde, na ile iliyofika ncha ya kidole iliitwa dhiraa kamili. Watu waliokuwa makini kiasi hicho kuhusu mahali kipimo kinapoishia walikuwa wamekwisha kulitambua lile binamu yangu aliloniambia, kwamba kipimo kisicho na mwanzo na mwisho unaojulikana si kipimo. Kliniki zetu za watoto hulizingatia hilo hadi leo: mtoto wa miezi 6 hadi 59 anapopimwa mzingo wa mkono ili kujua hali yake ya lishe, mhudumu hutafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, na kwa desturi hutumia mkono wa kushoto, kila mtoto na kila mara, ili mzingo wa chini ya sentimita 11.5, ambao ni dalili ya utapiamlo mkali, uwe na maana ile ile Kondoa, Mpwapwa na kwingineko.

Baada ya kujua kwamba milimita saba zangu ni za kweli, nilianza kusoma. Niliyoyakuta yalinifurahisha kuliko nilivyotarajia, kwa sababu wapo watu waliotumia miaka mingi wakipima mifupa ya binadamu, wa kulia kwa wa kushoto, kwa subira ambayo sisi na futikamba yetu hatukuwa nayo. Mwaka 2006 wanasayansi wawili wa Marekani, Benjamin Auerbach na Christopher Ruff, walichapisha matokeo ya kupima mifupa ya mikono na miguu ya watu wazima 780 waliozikwa katika sehemu mbalimbali za dunia. Katika jamii hizo zilizotofautiana sana kwa maisha na mazingira, mifupa ya mkono wa kulia ilielekea kuizidi ya mkono wa kushoto. Kwa urefu, tofauti ilikuwa ndogo, ya takriban asilimia 1. Kwa unene wa shina la mfupa, ilikuwa kubwa zaidi. Mtu akichukua mfupa wa mkono wa juu, ule utokao begani hadi kiwikoni, wenye urefu wa sentimita 32 hivi, asilimia 1 yake ni milimita tatu. Na mfupa wa chini ya kiwiko upande wa kidole gumba, wenye sentimita 24 hivi, hutoa milimita mbili na ushei. Jumlisha, unafika kwenye milimita tano au sita. Zangu ni saba. Nilipoiandika hesabu hiyo pembeni ya gazeti nilihisi kifua kikishuka, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa jambo asilolijua kisha akaambiwa ni saini tu inayohitajika.

Miguu nayo ina habari yake, na kwa kiasi fulani ni kinyume cha ile ya mikono. Mfupa wa paja la kushoto huelekea kuwa mrefu kidogo kuliko wa kulia, ingawa tofauti hiyo ni ndogo kuliko ya mikono. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2005 na Gary Knutson yalionyesha kwamba takriban watu 90 kati ya 100 wana miguu isiyolingana kwa urefu, na kwamba wastani wa tofauti hiyo ni kama milimita tano. Kwa miguu, lakini, hesabu ya madhara ni tofauti, kwa sababu miguu yote miwili hukanyaga ardhi moja na kubeba nyonga moja, kwa hiyo tofauti ikikua hadi sentimita kadhaa nyonga huinama na mgongo hulazimika kujisahihisha. Mikono haibebi mwili. Huning'inia, na mfupa wa bega husogea mbele, nyuma, juu na chini kuifuata kazi, hivyo milimita saba au hata sentimita moja humezwa na mwendo wa bega bila mtu kuhisi. Nimebeba ndoo mbili za maji tangu utotoni, moja kila upande, na sikuwahi kutambua kwamba moja hukaribia ardhi kuliko nyingine.

Swali lililobaki ni kwa nini mkono wa kulia. Jibu linaanzia katika namna mfupa unavyorefuka. Mfupa mrefu wa mtoto haukui kwa kuvutika kama mpira, bali hukua karibu na ncha zake, mahali palipo na tabaka la gegedu, yaani tishu iliyo laini kuliko mfupa, liitwalo bamba la ukuaji. Seli za gegedu hilo huzaana na kupangana, kisha huachia nafasi mfupa mgumu, na mfupa husogea mbele kidogo kidogo. Bamba zote hazifanyi kazi sawa. Katika mfupa wa mkono wa juu, bamba lililo upande wa bega ndilo linalotoa takriban asilimia 80 ya urefu wote. Chini ya kiwiko, bamba zilizo upande wa kifundo ndizo zinazotoa sehemu kubwa. Ujana unapokaribia kwisha, homoni huzifunga bamba hizo, gegedu lote hugeuka mfupa, na kuanzia hapo urefu haubadiliki tena.

Hapo ndipo nilipotambua kosa la dhana yangu ya kwanza. Nilikuwa nimejieleza kwamba miaka yangu 16 ya kuandika ubaoni, mkono wa kulia juu ya kichwa kutwa nzima, ndiyo iliyourefusha. Haiwezekani. Nilianza kufundisha bamba zangu zikiwa zimekwisha kufungwa. Kazi ya utu uzima huweza kuunenepesha msuli, kulishusha bega, na kuukaza mfupa kwa upana, lakini haiongezi urefu hata milimita moja. Kama kazi ilichangia chochote katika urefu wa mkono wangu, ilikuwa kazi niliyoifanya kabla sijaota ndevu.

Kwamba mfupa huitikia kazi, si jambo jipya. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliandika kitabu kuhusu jambo hilo mwaka 1892, akieleza kwamba mfupa hujijenga upya kufuatana na mzigo unaoubeba. Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wa wachezaji wa tenisi, kwa kuwa mchezo wao humpa mkono mmoja karibu kazi yote na kumwachia wa pili kazi ndogo sana, huku chakula, damu na homoni za mikono yote miwili zikiwa ni zile zile. Kila mchezaji ni jaribio lililokamilika ndani ya mwili mmoja. Mwaka 1977 picha za eksirei za wachezaji 84 wa kulipwa zilionyesha kwamba ganda gumu la mfupa wa mkono wa juu upande wa raketi lilikuwa nene kuliko la upande wa pili kwa takriban asilimia 35 kwa wanaume na asilimia 28 kwa wanawake. Miaka 18 baadaye, Pekka Kannus na wenzake huko Ufini waliwapima wanawake wanaocheza tenisi na skwoshi, wakakuta kwamba walioanza mchezo kabla ya kuvunja ungo, au walipovunja ungo, walikuwa na tofauti ya madini ya mfupa kati ya mikono yao iliyo mara mbili hadi nne ya tofauti ya wale walioanza ukubwani. Mfupa husikiliza zaidi ukiwa bado unakua.

Na wataalamu waliochunguza mifupa ya wakazi wa Wharram Percy, kijiji cha kale cha Uingereza kilichobaki mahame, walikuta kwamba watu wazima walio wengi walikuwa na mkono wa kulia mrefu zaidi, lakini kwa watoto wachanga mwelekeo huo haukuonekana. Ulijitokeza kadiri umri ulivyosonga. Watu takriban tisa kati ya kumi duniani hutumia mkono wa kulia, na mifupa ya kijiji kile inakubaliana na jambo hilo.

Nilipofika hapa katika kusoma, niliukumbuka utoto wangu kwa namna mpya. Katika mashamba ya uwele na mtama ya Ugogo, kazi ya mtoto wa kiume msimu wa masuke ni kuamia ndege. Unapanda darini, yaani juu ya dungu lililojengwa kwa miti katikati ya shamba, kabla jua halijachomoza, ukiwa na rundo la udongo uliofinyangwa na kukaushwa, na kweleakwelea wakitua unavurumisha kombeo. Mkono wa kulia. Kutwa nzima, wiki kadhaa, msimu baada ya msimu, kuanzia nilipokuwa na miaka saba hadi nilipokwenda sekondari. Baada ya mavuno ilikuwa mbuzi, na mbuzi maana yake ni fimbo na mawe, mkono wa kulia tena. Sisemi kwamba kombeo lilinipa milimita saba, kwa kuwa mwili wa mtu mmoja hauwezi kuthibitisha jambo kama hilo. Ninachosema ni kwamba mkono uliokuwa ukikua begani pangu haukukua katika utulivu, na kwamba sioni tena sababu ya kushangaa kuwa mikono miwili iliyoishi maisha tofauti haikufika mwisho kwa pamoja.

Dada zangu walikuwa na kazi nyingine. Walitwanga. Anayetwanga huushika mchi kwa mikono miwili, au huupokezanisha, na wa kulia haupati mzigo mwingi kuliko wa kushoto. Kadhalika kusaga kwa jiwe, ambako mama na bibi walikuwa wakiinama juu ya jiwe la kusagia mikono yote miwili ikisukuma pamoja. Wataalamu wa mambo ya kale waliochunguza mifupa ya wanawake wakulima wa kale wa Ulaya walikuta kwamba nguvu ya mifupa ya mikono yao miwili ilikuwa karibu sawa, na wakakuhusisha kusaga nafaka na ulinganifu huo. Niliposoma hivyo niliona wazi mgongo wa bibi yangu ukienda na kurudi juu ya lile jiwe.

Mama yangu ni habari ya peke yake. Ana mashoto. Alipokuwa mtoto alikatazwa kula, kusalimia na kupokea kitu kwa mkono wa kushoto, kama watoto wengi wa rika lake walivyokatazwa, na hadi leo hula kwa mkono wa kulia. Lakini jembe hulitanguliza kwa kushoto, na kisu pia, na ukimrushia kitu ghafla hukidaka kwa kushoto. Nilimwomba anivumilie nimpime. "Haya, mwanangu, pima, ila usiniambie nina ugonjwa," alisema, akanyoosha mikono yake juu ya mkeka. Mkono wake wa kushoto ulizidi kwa milimita tatu. Ningependa kulifanya hilo kuwa ushahidi, lakini milimita tatu kwa futikamba ya kitambaa ni ndogo kuliko kosa la mpimaji, hasa mpimaji aliyejifunza wiki mbili tu zilizopita, na wapo watu wa mkono wa kulia ambao mkono wao wa kushoto ndio mrefu. Mwelekeo wa jamii nzima si amri kwa kila mtu aliye ndani yake. Niliandika namba hiyo, nikamshukuru, nikamwambia kwamba hana ugonjwa.

Sitaki, hata hivyo, maneno yangu yamfanye mtu apuuze jambo lisilopaswa kupuuzwa. Binamu yangu alinisisitizia kwamba kinachomfanya yeye ainue macho si milimita bali ni mabadiliko na dalili zinazoambatana nayo. Mtu mzima ambaye mikono yake ilikuwa hivyo siku zote, isiyo na maumivu, yenye nguvu, inayonyooka na kukunjika sawa, hana la kutibiwa. Lakini mkono ulioanza kuonekana tofauti hivi karibuni, au uliovimba, au unaokonda misuli, au unaokufa ganzi na kuangusha vitu, au bega lililoshuka ghafla baada ya kuanguka, unastahili kuonwa na daktari bila kuchelewa. Kwa watoto uangalifu uwe mkubwa zaidi. Mtoto aliyevunjika karibu na begani au kwenye kifundo anaweza kuwa ameumia bamba la ukuaji, na mkono huo ukabaki nyuma miaka inavyokwenda, kwa hiyo afuatiliwe hata baada ya mfupa kuunga. Mtoto ambaye neva za bega zilivutika wakati wa kuzaliwa kwa shida naye huweza kukua na mkono mfupi, na mazoezi yaliyoanza mapema humsaidia. Kisha kuna hali isiyo ya kawaida sana ambapo upande mmoja mzima wa mwili wa mtoto, mkono na mguu pamoja, ni mkubwa kuliko wa pili. Baadhi ya watoto hao wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata uvimbe wa saratani kwenye figo, na ndiyo sababu madaktari huwapima tumbo kwa altrasaundi mara kwa mara wakiwa wadogo. Mzazi anayeona jambo hilo asiambiwe na yeyote kwamba ni umbo tu.

Darasani nimebadilisha somo langu. Mstari wa katikati bado nauchora, kwa kuwa mpango wa mwili wa binadamu kweli ni wa pande mbili zinazofanana, lakini sasa nawapa wanafunzi wa kidato cha pili futikamba na kuwaacha wapime mifupa yao ya chini ya kiwiko, kulia na kushoto, mara tatu kila upande, kisha waandike tofauti kwenye karatasi isiyo na jina. Niliondoa majina baada ya kutafakari, maana nakumbuka tulivyomtazama jirani yetu wa Chamwino. Karatasi zikishakusanywa tunazipanga ubaoni, na kila mara wanafunzi husimama mbele ya zile namba kwa muda, kwa sababu walikuja wakidhani tofauti ni ya mtu mmoja kati yao. Saa ile naipenda kuliko saa nyingine zote za muhula.

Koti nilikwenda kulijaribu siku tatu kabla ya harusi. Fundi alikuwa amekata mkono wa kushoto kwa kipimo chake na wa kulia kwa chake, na chini ya bega la kulia, ndani ya bitana, alikuwa ameweka kipande kimoja zaidi cha kitambaa ili bega lililoshuka lisiiache nguo ikilala. Nilimweleza habari ya milimita saba na ya bega, naye alisikiliza huku akitoa pini moja baada ya nyingine kinywani, akasema kwamba yeye alikuwa akijua sehemu ya bega kwa vidole vyake, ila hakujua kwamba mfupa nao umo. Akanigeuza kuelekea kwenye kioo, akaniambia nishushe mikono. Vikomo vya mikono ya shati vilitokeza chini ya koti kwa kiasi kile kile pande zote mbili.